Chasisi ya kichwa cha difu mbili inakatika kila nikiiunga. Bado inaokoleka?

"Shikamoo fundi. Niko Ngamiani, Tanga. Kaka yangu baharia aliniletea seti ya plastiki ya kuunda modeli ya lori la Scania, skeli ya 1:24, kichwa cha difu moja, yaani ekseli moja ya nyuma inayoendesha. Mimi nataka difu mbili, kama vichwa vinavyovuta saruji kutoka Pongwe. Nilikata chasisi nyuma ya kebini, nikaongeza kipande cha plastiki cha sentimita sita, nikaunga kwa supaglu. Imekatika mara tatu. Mara ya nne imeshika, lakini nikiiweka mezani tairi moja la mbele linaelea, na ukitazama kwa juu ekseli ya nyuma imekwenda upande. Ekseli ya pili sina, wala matairi yake. Vipande vya kuagiza nje, pamoja na usafiri, vinakaribia bei ya seti nzima. Rafiki yangu mmoja anasema nitumie bomba la PVC, mwingine anasema niprinti kwa 3D. Seti ni hii moja tu. Bado inaokoleka?"

Marahaba, mdogo wangu. Inaokoleka. Kebini, injini na matairi uliyonayo hayana neno. Kilichoharibika ni reli mbili za plastiki, yaani pande mbili ndefu za chasisi, na hizo unaweza kuzitengeneza upya hapo Ngamiani bila kuagiza chochote. Ila usiiunge mara ya tano. Iweke kando, itakufaa kunakili matundu na mahali pa kushikia springi, kisha ujenge chasisi mpya. Najua inauma kuacha kitu ulichokihangaikia mara nne, lakini maungio hayo hayatakuwa na nguvu kamwe, na hata yangekuwa nayo, ulikata mahali pasipo.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalowakosesha wengi. Unapogeuza kichwa cha difu moja kuwa cha difu mbili, urefu hauongezwi kati ya kebini na ekseli ya kwanza ya nyuma. Unaongezwa nyuma ya ekseli hiyo. Mara nyingi kwenye malori ya kweli umbali kutoka ekseli ya mbele hadi difu ya kwanza ni mfupi zaidi kwenye kichwa cha difu mbili kuliko cha difu moja, maana uzito wa tela unatakiwa ukae katikati ya zile difu mbili, si juu ya moja. Wewe umesukuma ekseli nyuma kwa sentimita sita, sawa na karibu meta moja na nusu ya lori la kweli. Hata kama gundi ingeshika, dereva yeyote wa pale Segera angekwambia hicho kichwa kina mgongo mrefu mno.

Basi pima kwanza. Na usipime kwa macho. Ukipata lori limeegeshwa, muombe dereva au utingo ruhusa, wengi wanafurahi wakijua unachotengeneza, kisha shika futi ya utepe upime kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la difu ya kwanza, na kutoka hapo hadi difu ya pili. Piga picha za ubavuni ukiwa umesimama mbali kidogo na usawa wa ekseli, futi ionekane. Fanya hivyo barabarani au kwenye maegesho ya kawaida. Bandarini na mpakani Horohoro usitoe kamera bila ruhusa.

Vichwa vingi vya Ulaya vina karibu mm 1,350 kati ya difu na difu. Gawa kwa 24, unapata mm 56.25. Tuseme umepima meta 3.3 kutoka mbele hadi difu ya kwanza. Hiyo ni mm 137.5 kwenye modeli yako. Kwa hiyo kutoka ekseli ya mbele hadi ya mwisho una mm 193.75, na reli ziendelee mbele na nyuma ya hapo kwa kadiri picha zako zinavyoonyesha.

Tairi nalo linakwambia ukubwa wake lenyewe. Likiandikwa 315/80R22.5, maana yake upana ni mm 315, kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, yaani mm 252, na rimu ni inchi 22.5, yaani mm 571.5. Jumlisha rimu na ubavu mara mbili, unapata mm 1,075.5, na ukigawa kwa 24 ni mm 44.8. Sasa unaweza kujua kitu ambacho jicho halikwambii: kati ya tairi la difu ya kwanza na la pili patabaki nafasi ya mm 11 na nusu hivi. Ikizidi hapo sana, modeli itaonekana ya kubuni hata kwa mtu asiyejua kwa nini. Na kati ya tairi la mbele na la difu ya kwanza una takribani mm 93 tu za kuweka tangi la mafuta, betri na matangi ya upepo, kwa hiyo huenda ukalazimika kufupisha tangi la seti. Ni afadhali ulijue leo kuliko siku ya kupaka rangi.

Turudi kwenye gundi, maana hapo pana somo ambalo litakufaa kwenye kila modeli.

Reli ya seti yako ina kimo cha mm 11 na unene wa kama mm 1. Ulipounga ncha kwa ncha, gundi ilikuwa na mm 11 za mraba za kushikilia, padogo kuliko ukucha wa mtoto, na reli nzima ikawa nyenzo inayopavunja kila ulipoinyanyua. Supaglu hukauka kwa kufyonza unyevu wa hewani na kuwa ngumu kama kioo. Inastahimili kuvutwa, lakini kupindwa na kugongwa haistahimili. Kwa hewa yetu ya pwani, hasa wakati wa masika, inakamata haraka mno, kabla hujanyoosha kazi. Ndiyo pia inayoacha ule ukungu mweupe kwenye vioo vya kebini, kwa hiyo vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka inakuwa angavu.

Gundi ya kweli ya modeli haifanyi kazi kwa kunata. Inayeyusha nyuso mbili za plastiki, zinachanganyika, kisha kiyeyushi kinapaa na kuacha kipande kimoja. Ukiunganisha reli kwa kulaza bamba la ndani lenye urefu wa mm 20, eneo la kushika linatoka mm 11 za mraba hadi 220, na si gundi tena inayobeba, ni plastiki yenyewe. Lakini yote hayo yanataka pande zote mbili ziwe polistairini, ambayo ndiyo plastiki ya seti yako. Hukusema kile kipande chako cha sentimita sita kilitoka wapi. Kama kilikuwa cha ndoo au cha kopo la mafuta ya kupikia, hapana gundi ya modeli ambayo ingekishika.

Polistairini imejaa mjini. Tafuta namba 6 au herufi PS ndani ya pembetatu chini ya vikopo vya mtindi na visahani. Makasha ya CD, yale magumu yanayopasuka yakianguka, mara nyingi ni hiyohiyo, na yale maangavu yanafaa sana kwa vioo. Kama hapana alama, kata kipande ukizamishe kwenye glasi ya maji. Plastiki ya ndoo na mifuniko huelea. Polistairini ngumu huzama polepole. Kisha koroga chumvi kwenye maji hayo mpaka yakatae kuyeyusha zaidi: polistairini itapanda juu, PVC itabaki chini. Mwisho tone la asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Juu ya polistairini utakuta panakuwa laini na kunata. Akriliki nayo hulainika hivyo, lakini yenyewe ni nzito na ngumu kama kioo, hutaichanganya na kikopo cha mtindi. Mafundi wa mabango nao hutupa mabaki ya mabamba ya plastiki kila wiki. Waombe, ukapime nyumbani.

Sasa ujenge. Reli ya Scania nzito ina kimo cha karibu mm 270 na midomo (kingo zilizokunjwa juu na chini) ya mm 90, na fremu nzima ina upana wa mm 770. Kwako hiyo ni mm 11.25, mm 3.75 na mm 32. Unene wa chuma chake haufiki milimeta kumi, yaani kama mm 0.4 kwenye skeli yako, kwa hiyo bamba la nusu milimeta linatosha. Linaonekana jembamba la kutisha ukilishika peke yake. Likishapata midomo yake miwili na kuwa kama herufi C, utashangaa linavyokaza.

Usikate plastiki kwa kuibonyeza kisu mpaka kitokee upande wa pili. Weka rula ya chuma, pitisha ncha ya kisu mara tatu au nne kwa mkono mwepesi, kisha ikunje. Itakatika kwenye mstari. Kata bamba za reli zote mbili, zishikanishe kwa utepe kama karatasi mbili, uzisawazishe kwa msasa pamoja na utoboe matundu yote pamoja. Hapa ndipo palipokuponza. Ulikata reli moja, kisha nyingine, na milimeta moja ya tofauti kwenye fremu yenye upana wa mm 32 inageuza ekseli karibu digrii mbili. Jicho linaona digrii mbili mara moja.

Baada ya hapo tafuta kipande cha kioo cha dirisha. Meza hainyooki, ubao haunyooki, kioo kinanyooka. Simamisha reli kwenye kioo zikiwa kichwa chini, weka kati yake vipande viwili vya mbao vilivyokatwa mm 31 kamili, maana reli mbili zenyewe zinakamilisha ile 32, kagua pembe kwa skwea, kisha bandika vipande vya kukingama vinavyounganisha reli mbili, kimojakimoja. Acha usiku kucha. Niliwahi kuondoa fremu ya tela baada ya saa moja kwa sababu ilionekana imekauka. Kiyeyushi kilikuwa bado kimo ndani, na kufikia asubuhi ilikuwa imejikunja kama ubao uliopata mvua. Hewa ya Tanga ikiwa na fukuto, ipe hata usiku wa pili.

Lile tairi linaloelea lina sababu yake. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi popote, cha minne huyumba, na wewe sasa unataka sehemu sita ziguse meza kwa wakati mmoja. Kwa mikono yetu hilo halipatikani kwa kubandika tu. Lori la kweli linalipata kwa sababu springi za difu mbili zinakaa kwenye egemeo moja katikati, upande mmoja ukipanda mwingine unashuka. Fanya hivyohivyo: kila ubavu weka kijiti kinachozunguka kwenye pini katikati ya difu mbili, na ekseli zikae kwenye ncha zake. Ekseli ya mbele ibandike mwisho kabisa, lori likiwa limesimama kwa matairi yake juu ya kioo. Kazi hii ndogo inaondoa manung'uniko yote ya kuelea, na kwa kweli ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kuhusu ekseli ya pili, sikiliza jambo ambalo hata vipande vingine vya kununua hukosea. Difu ya kwanza na ya pili hazifanani. Ya kwanza inapokea shafti kutoka giaboksi na kuipitisha nyuma, kwa hiyo ina boksi la ziada mbele lililokaa juu kidogo, na upande wa nyuma inatoka shafti fupi kwenda difu ya pili. Ukinakili difu ya seti mara mbili ukaziweka tu, lori lako lina difu moja inayoendesha na nyingine inayofuatana nayo. Difu uliyonayo iweke nyuma. Ile ya kwanza itengeneze: kitufe au kifuniko cha mviringo kwa tumbo, mrija wa peni kwa mikono, puti ya kujazia, boksi dogo la polistairini juu. Ipo chini ya gari, haihitaji kuwa ya ajabu. Inahitaji kuwa na umbo sahihi na ile shafti fupi.

Matairi unayapungukiwa manne, lakini yanayoonekana ni mawili. Yale ya ndani yanaweza kuwa duara za mbao za mm 45 zilizopakwa rangi nyeusi. Kwa yale mawili ya nje pamoja na rimu zake una njia tatu, nami nitakwambia ninavyoziona. Kununua rimu na matairi tu, si seti nzima ya mabadiliko, ndiyo rahisi ukiwa na mtu wa kukuletea, na kaka yako ni baharia. Kuzimwaga mwenyewe kwa rezini kwenye kalibu ya silikoni kunatoa nakala nzuri sana, ila kwa rimu mbili gharama ya silikoni na rezini haina maana isipokuwa unakusudia kujenga malori zaidi. Ya tatu ni fundi wa kukereza. Mpelekee mchoro wenye vipimo na rimu moja ya seti aishike mkononi, akukerezee kutoka nailoni au alumini. Yeye huzoea bushi na shafti, kwa hiyo mweleze kwamba makosa ya nusu milimeta hapa yanaonekana. Hapo ndipo ningekushauri usijaribu mwenyewe kwa keekee na tupa; duara la mkono halidanganyi mtu. Kama humjui fundi wa mashine, ulizia ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) mkoani au chuo cha ufundi cha VETA, wanajua nani ana mashine inayofanya kazi.

Rafiki yako wa PVC hajakosea, ila amekuelekeza pasipo. Bomba lina ukuta mnene mno kwa reli, haliyeyuki kwa gundi ya modeli, na gundi ya mafundi bomba ni kali kiasi cha kuila polistairini nyembamba. Likunjue kwa maji ya moto ukitaka bamba la sakafu ya tela, na ulibandike kwa epoksi. Usilipitishe kwenye moto. PVC ikiungua inatoa gesi ya tindikali inayochoma mapafu. Lakini kwa mzigo wa kupakia kwenye tela, bomba ni zawadi. Lile bomba la mafuta ghafi linalokuja Chongoleani kutoka Hoima, kilomita 1,443, lina kipenyo cha inchi 24. Gawa kwa 24, ni inchi moja kamili. Bomba la mafundi umeme la mm 25 linakukaribia kwa nusu milimeta, kisha ulizungushie karatasi ngumu kufuata picha, kwa sababu bomba lenyewe limevikwa koti la kuhifadhi joto. Na kamba za kufungia mzigo zisokote kwa nyuzi za mkonge zilizochambuliwa nyembamba. Sisi wa Tanga hatuna haja ya kuagiza kamba ya skeli.

Kuprinti 3D kunafaa kwa kipande kimoja chenye umbo gumu, kwa mfano hiyo difu ya kwanza au taa. Kwa reli ndefu nyembamba hakukushindi wewe na rula, na zikitoka huwa zina tabia ya kujikunja. Anayekuprintia kwa rezini mwambie akuoshee na kukaushia kwa mwanga kabisa kabla hujagusa.

Vumbi la kupiga msasa usilivute: tumia msasa wa maji, au barakoa. Ukichanganya rezini au epoksi fungua madirisha na uvae glavu. Ngozi ikianza kuwasha au kifua kubana, acha, na kama kifua hakiachii nenda ukaonwe. Supaglu ikiingia jichoni usikwangue wala usifungue kope kwa nguvu. Suuza kwa maji mengi ya uvuguvugu na uende hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Ukishasimamisha fremu mpya na ekseli zake tatu, nitumie picha mbili kabla hujapaka praima: moja ya juu kabisa, moja ya usawa wa kioo. Nitakuambia kama difu zimekaa sambamba, na kama zimepinda, wakati huo bado ni kazi ya kuchomoa pini moja tu.